Nilivyomhamisha Zuhura kwa vioo viwili, mama yake akiwa amekaa anamtazama

Wakuu, salaam kwenu nyote, wenye bando na mnaoibia wifi ya ofisini.

Humu nimekuwa msomaji wa kimya muda mrefu. Nasoma visa vyenu, nacheka peke yangu, nafunga simu. Leo na mimi nimejikaza.

Ninachosimulia kimenitokea mwenyewe hapa Tabora, na mashahidi wapo hai na wanakula vizuri. Anayedhani ni chai, kwamba nimetunga, avumilie mpaka mwisho, kisha aje karakana kwangu Isevya nimwonyeshe vioo vyenyewe.

Mimi ni fundi vioo na aluminiamu. Madirisha, milango, makabati ya vyombo, fremu za picha za harusi. Ni Mnyamwezi wa hapahapa, kwetu asili ni Kwihara, kule kwenye tembe la makumbusho. Shule sikufika mbali ila fizikia niliipenda, hasa ile mada ya mwanga. Mwalimu alikuwa anachora mistari ubaoni, wenzangu wanasinzia, mimi natamani asifute.

Sasa tuingie kwenye kisa.

Kuna binti tumwite Zuhura. Jina amelichagua mwenyewe kwa ajili ya uzi huu, lake la kweli hataki mlijue.

Zuhura anauza kwenye duka la dawa. Kioo cha kaunta yao kilipasuka, nikaitwa nikabadilishe. Wakuu, kile kioo nilikipima mara nyingi kuliko kilivyohitaji. Mwisho akaniuliza kama huwa nakosea vipimo au nimekuja kumwangalia.

Nikamwambia vyote viwili.

Akacheka. Basi, mimi nikawa nimeisha hapo hapo.

Tulifahamiana kwa heshima zote, tukaelewana, tukakubaliana kwamba tunataka kuoana. Upande wangu hakuna aliyepinga. Tatizo likawa mama yake.

Na si kwamba mama yake ni mkali. Angekuwa mkali ingekuwa afadhali.

Mama Zuhura ni Mzaramo wa Kisarawe. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa reli, akahamishiwa Tabora miaka hiyo, akafariki huku, na mama hakurudi pwani. Anakaanga bagia barazani kwake na hakuna mtu mtaani asiyemjua. Watoto wake wakubwa wametawanyika, mmoja Dar, mmoja Mwanza. Zuhura ndiye kitinda mimba na ndiye aliyebaki naye.

Kwa wale wa mbali nieleze kidogo. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Babu zetu walikuwa wanatoka huku Unyanyembe na mizigo kichwani, wanakanyaga mwezi baada ya mwezi mpaka pwani, na kabla hawajaiona bahari lazima wapite kwa Wazaramo. Huko wakagombana, wakapatana, wakazikana. Ndiyo utani ukabaki mpaka leo.

Mtani anaweza kukutukana kwenye harusi yako mwenyewe. Anaweza kukaa kwenye kiti cha bwana harusi na asitoke mpaka apewe kitu. Ukinuna, aibu ni yako. Na neno la mtani halikamatiki, maana muda wowote atasema alikuwa anatania.

Sasa jiulizeni, utampelekaje posa mtu wa namna hiyo?

Mara ya kwanza nilimtuma baba yangu mdogo, Kassimu. Ni mtu mzima, mswalihina, anavaa koti hata jua likiwa kali. Alipofika tu getini Mama Zuhura akamwambia, "Karibu mpagazi, umefika wakati mzuri." Akamwonyesha gunia la mkaa lililoshushwa nje. Baba mdogo akavua koti, akalibeba gunia mpaka jikoni. Akapewa bagia za moto na chai ya tangawizi. Akarudi kwangu anafuta machozi ya kicheko.

Nikamuuliza imekuwaje.

"Mwanangu, yule mama ametutukana ukoo mzima, hajabakiza hata waliokufa. Sijacheka hivi tangu mwaka jana."

"Na jibu?"

Akavaa koti lake taratibu. "Jibu... kwa kweli hatukufika huko."

Mara ya pili nikamtuma Shangazi Mwajuma wa Kwihara, dada wa baba, mwanamke asiye na mzaha. Alipewa ufagio. Akafagia ua wote, huku naye anawatukana Wazaramo kwamba ngoma ikilia wanaacha sufuria jikoni inaungua. Wakamaliza siku wakiwa mashoga. Alirudi na kikapu cha bagia na habari za Kisarawe nzima, lakini bila jibu.

Wakuu, mnacheka, ila mimi nilikuwa naumia. Miezi ilikuwa inakwenda. Zuhura alikuwa anazungumza na mama yake usiku, na mama anamgeuzia kuwa utani hata yeye. Na hakuna aliyejua kama ule utani ndani yake kuna ndiyo au kuna hapana.

Kuna jambo jingine nililiona, nikalielewa vibaya. Yule mama alikuwa hapendi Zuhura atoke machoni pake. Zuhura akihamia jikoni, mama anageuza kigoda kielekee jikoni. Akienda kufua, kigoda kinafuata. Mimi nikajua ananichunga mimi, mwizi wa binti.

Siku moja kulikuwa na shughuli kwa jirani, watu wamejaa uani. Baba mdogo akajaribu tena kuchomeka maneno ya posa, mbele za watu safari hii, akidhani mama ataona haya.

Thubutu.

Mama Zuhura akasimama, mkono kiunoni, akatangaza kwa sauti ya kunadi samaki sokoni.

"Enyi wapagazi, nisikilizeni! Zuhura mtampata siku mtakapomtoa ndani ya ua mchana kweupe, mimi nimekaa namtazama, na nisijue kama ametoka. Mkiweza hilo, mchukueni. Mkishindwa, endeleeni kubeba mkaa!"

Watu wakaangua kicheko. Baba mdogo akainua kidole juu akasema, "Tumesikia, na mashahidi ni hawa."

Hapo ndipo penyewe. Neno la mtani halikamatiki, lakini dau la mtani lililowekwa mbele za watu hulipwa. Asipolipa, atachekwa kwenye kila shughuli mpaka siku ya maziko yake. Yeye alilitangaza akijua haliwezekani.

Mimi nilirudi zangu karakana nikakaa kwenye stuli, nikatazama vioo vyangu vimeegemezwa ukutani.

Kuna kitu nilikuwa nimekiona mtandaoni. Wataalamu wa nje wamepanga lenzi kwenye mstari, mtu anapitisha mkono katikati, na mkono unapotea. Unaona ukuta wa nyuma kama kawaida, mkono haupo. Wanasema ni kuupinda mwanga ukizunguke kitu. Wengine wanatengeneza vifaa vya kukifanya kitu kionekane kipo hapa kumbe kipo pale. Hicho cha pili ndicho kilichonikaa kichwani.

Nikaanza na lenzi. Nilikusanya miwani mibovu mtaa mzima, nikanunua na vikuza-maandishi vya wazee. Nikapanga kwenye ubao, nikapitisha kidole. Kwa jicho moja, ukikaa sawasawa kabisa na kushika pumzi, kweli kidole kinafifia. Nikamwita Zuhura kwa furaha aje aone. Akachungulia, akaniambia anachoona ni mimi nimesimama kichwa chini miguu juu.

Lenzi nikaziweka pembeni. Nikarudi kwenye kazi yangu, vioo vya kujitazamia.

Nieleze kwa urahisi. Kioo ukikisimamisha mshazari mbele ya mtu, macho yake yanapinda kona. Ukiweka kioo cha pili mbali kidogo, mshazari uleule, yanapinda tena na kuendelea mbele kama mwanzo. Ila sasa yamehama njia. Mtu anadhani anatazama mbele yake, kumbe anatazama kilichopo pembeni, nyuma ya ukuta. Hajui, maana jicho linaamini mwanga unakuja umenyooka.

Na lazima viwe viwili. Kimoja kinageuza kulia kuwa kushoto, na mama anayejua binti yake anatupia mtandio bega gani angeshtuka palepale. Cha pili kinarekebisha.

Jaribio la kwanza nililifanya karakana kwa chupa ya soda. Nilimwambia baba mdogo achukue soda yake pale kwenye kiti. Alinyoosha mkono akashika hewa. Akajaribu tena. Halafu akarudi nyuma akaanza kusoma Ayatul Kursiy.

Hapo nikajua tumepata.

Kasoro ilikuwa moja. Kitu kinaonekana kipo mbali zaidi kuliko kinavyotakiwa, kwa sababu mwanga umezunguka. Kwa hiyo kinakuwa kidogo. Nikaona dawa yake ni Zuhura kukaa karibu zaidi na kioo.

Zuhura mwenyewe nilimweleza kila kitu kabla sijafanya lolote. Alisikiliza mpaka mwisho, akatoa sharti lake.

"Siendi mbali. Nitakaa mahali ambapo mama akiniita nitamsikia. Na akiumia, akilia kilio cha kweli, mchezo umekwisha na mimi narudi naye nyumbani. Tutasubiri mpaka atakapotaka mwenyewe."

Nikakubali. Lakini nilijua akisema hivyo anamaanisha. Ningeweza kushinda dau na nikamkosa yeye.

Nafasi ikaja. Mtoto wa Shangazi Mwajuma alikuwa anaoa, shughuli Kwihara. Mama Zuhura akaalikwa kama mtani mkuu, na Zuhura akaombwa kusaidia kwenye matunda.

Uani kwa shangazi ni papana, pamezungushiwa uzio wa mabua. Nikajitolea kujenga kibanda cha matunda kikiegemea uzio. Kina dirisha kubwa linalotazama uani, paa la turubai, na ndani nyuma nimetundika kanga. Mita kama mbili pembeni yake nikatoboa uzio, nikaficha tundu kwa kreti za soda na kitambaa. Nje ya uzio, upande wa shamba la karanga, nikaweka kiti, meza ya machungwa, na kanga ileile ya ndani, doti moja nimelikata vipande viwili.

Vioo nilivifunga magurudumu ya kabati ili viingie kimyakimya, kimoja nyuma ya dirisha la kibanda, cha pili nyuma ya kreti, mbele ya tundu.

Shangazi ndiye aliyempangia mama mahali pa kukaa. Kiti cha heshima chenye mto, kimeelekezwa kibandani bila kupinda. Mama alifurahi kweli. Toka kwenye kile kiti alikuwa anamwona Zuhura vizuri, na mimi ananiona nikipitapita, ananitupia maneno.

"Mpagazi! Leo unabeba nini?"

"Leo nabeba kilicho chako mama, bado kukipandisha kichwani tu."

"Utavunjika shingo!"

Asubuhi yote Zuhura alikaa kibandani kikwelikweli, anamenya machungwa. Ikafika adhuhuri. Mama akanyanyuka kwenda kuswali na kina mama wengine. Huo ndio muda tuliokuwa tumeupanga.

Vioo vikaingia. Zuhura akatoka kwa mlango wa nyuma, akapita kwenye uzio, akaenda kukaa upande wa shambani. Mimi nikakimbia kukaa kwenye kiti cha mama kuhakikisha. Wakuu, nilimwona mchumba wangu kibandani, ameshika chungwa, ananitazama na kutabasamu. Nilijua hayupo pale na bado mwili ulinisisimka. Nikacheka kama mwehu.

Mama akarudi, akakaa, akatengeneza mto, akatazama kibandani. Akatikisa kichwa kuridhika.

Baada ya muda akamwambia shangazi, "Huyu mtoto leo mbona kasinyaa? Hajala?"

Nilikimbia nyuma ya uzio nikamwambia Zuhura asogeze kiti mbele. Akasogeza.

"Aa, afadhali," nikamsikia mama. "Nadhani ni macho yangu."

Mpango ulikuwa tusubiri watu wale, wazee wakae, ndipo nitoe hoja yangu. Ila mnajua harusi zetu. Bwana harusi alichelewa, gari lilipata pancha, biriani likasubiri. Jua nililolipimia asubuhi likahama upande, likaanza kupenya chini ya turubai.

Na kioo kikipigwa na jua, kila fundi anajua kinachofuata.

Kikatokea kiraka cha mwanga ardhini, katikati ya ua. Mwanzoni kidogo, mbali na watu. Kikaanza kusogea. Kikapanda kwenye jamvi la wazee, kikavuka viatu, kinaelekea kwenye kile kiti chenye mto. Kuku mmoja alikifuata akikidonoa. Mimi jasho.

Wakati nakitazama hicho kiraka, nikamwona baba mdogo Kassimu anakwenda dirishani na glasi yake tupu.

Huyu alikuwa anajua kuna mpango, ila hakuambiwa vioo vimekaa wapi. Alisema mwenyewe asiambiwe, kwamba uso wake hauwezi kuficha kitu. Akaegemea dirisha, akamsalimia Zuhura, akamwomba juisi. Zuhura kule shambani anamwona kwenye kioo, hawezi kumpa chochote, anabaki kumkonyeza aondoke. Baba mdogo akadhani anataniwa. Akaingiza mkono na glasi.

Kingʼ!

Glasi ikagonga kioo. Akajaribu tena taratibu. Kingʼ. Akamtazama Zuhura, akatazama glasi, akageuka kututazama sisi. Kweli uso wake hauwezi kuficha kitu. Ulikuwa umejaa majini yote ya Unyanyembe.

Mama Zuhura akauliza, "Huyo naye kapatwa na nini?"

Kiraka cha mwanga kilikuwa kimefika kwenye vidole vyake vya miguu. Nikaona nikisubiri bwana harusi nimeisha. Nikasogea mbele yake, nikapiga goti, watu wakageuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umechoka mizigo?"

"Mama, uliweka dau. Ulisema nimtoe Zuhura uani mchana kweupe, unamtazama, usijue."

"Nilisema na narudia. Wote mnisikie, narudia!"

"Zuhura yuko wapi sasa hivi?"

Akacheka kwa dharau, akanyoosha kidole kibandani. "Si yule pale. Namwona kwa macho yangu mawili, anamenya machungwa. Toka nimetoka kuswali sijapepesa macho."

"Una hakika mama?"

"Kama si yule, basi mimi si Mzaramo!"

Nikamwambia, "Basi mwite."

Akaita, "Zuhuraaa!"

Sauti ikajibu, "Abee mama!" Ila ilitokea nje ya uzio. Mama akakunja uso. Akatazama kibandani, akamwona Zuhura anaweka kisu chini, anasimama, anatoka pembeni mwa dirisha. Akabaki anatazama kiti kitupu na kanga.

Halafu geti kuu likafunguliwa, lile lililo nyuma ya mgongo wake. Zuhura akaingia kutoka barabarani, ana maganda ya karanga kwenye mtandio, akaja akamshika bega.

"Shikamoo mama. Nilikuwa shambani."

Wakuu, ua mzima ulilipuka. Shangazi alipiga kigelegele nadhani kilisikika Tabora mjini. Baba mdogo ndiye aliyecheka kuliko wote, maana alikuwa ameshaanza kujiandalia wosia.

Mama akanyanyuka. Akaenda mpaka kibandani, akaingiza mkono dirishani, akagusa kioo. Akasogea kushoto, akaona kreti. Akasogea kulia, akajiona mwenyewe. Akazunguka nyuma ya uzio, tukasikia anasema peke yake, "Kumbe huku!" Akarudi anacheka mpaka kamshika mtu mkono asianguke.

"Wanyamwezi nyinyi ni wachawi wa mchana!"

Nami nikacheka. Kisha kicheko changu kikakauka, kwa sababu niliona naye cha kwake kimekauka. Alirudi akakaa kwenye kiti chake. Zuhura akaniangalia. Nilijua anawaza nini, na niliogopa kuliko siku zote.

Mama akasema kwa sauti ya chini, "Zuhura. Rudi kule kwenye kiti chako."

Zuhura akatoka tena getini, akazunguka, akakaa. Akatokea tena kibandani na chungwa lake. Mama akamtazama. Akamtazama kwa muda mrefu, sisi tumesimama kama walioshikwa na polisi.

"Tangu adhuhuri," akasema, "nilikuwa nimetulia kabisa. Nimekula, nimetania watu, hata mguu haukuniuma. Na mtoto wangu hayupo. Yupo shambani kwa watu, nje ya ua."

Akautengeneza mto wa kiti, akaendelea.

"Baba yake alitoka asubuhi kwenda kazini, jioni nikaletewa habari. Toka siku hiyo nikiacha kumwona huyu mtoto naona kama na yeye ndiyo basi tena. Mkija na posa zenu natania, kwa sababu nikiacha kutania nitalia mbele za watu. Leo ametoka na sikufa. Wala yeye hakufa. Nimeita, ameitika." Akajifuta uso na ncha ya mtandio. "Nimekubali. Mchukueni."

Mnajua kilichotokea?

Watu wakacheka!

Walikuwa wanasubiri aongeze neno. Baba mdogo akauliza, "Tumchukue na gunia la mkaa au bila?" Shangazi naye akapiga makofi. Yule mama miaka yote hajawahi kusema jambo kwao bila kuligeuza, sasa amesema la kweli na hakuna anayemwamini.

"Sitanii jamani," akasema.

Wakacheka zaidi.

Basi akasimama katikati ya ua, akafunga mtandio vizuri, akasema polepole, "Wallahi. Nimekubali Zuhura aolewe na huyu. Leteni posa Ijumaa baada ya swala, nitaipokea, nami nitawapa chai na sitampa mtu mzigo."

Kwa neno hilo la mwanzo hakuna anayetania kwetu. Vicheko vikakatika. Shangazi Mwajuma akamwendea, akamkumbatia, na wote wawili wakalia. Kilikuwa kilio cha kweli, na nikageuka haraka kumtafuta Zuhura kwa sharti lake. Alikuwa ameshaingia uani, analia naye, lakini alinitikisia kichwa kwamba hapana, hiki si kile.

Bwana harusi alifika muda huo huo. Akakuta watu wanalia na kucheka, akadhani amechelewa sana mpaka kuna msiba.

Ijumaa tukaenda. Chai ilikuwepo, mzigo haukuwepo. Ndoa ikafungwa, na siku ya harusi mama mkwe alikaa kwenye kiti changu cha bwana harusi akagoma kutoka. Nilisimama mpaka miguu ikawaka moto. Nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Tabora.

Tunaishi mtaa wa nyuma yake. Miezi ya mwanzo alikuwa anakuja kila siku, mara kuleta bagia, mara kusahau bakuli. Siku hizi anakuja akitaka. Mwezi uliopita alipanda treni peke yake mpaka Urambo kumtembelea rafiki yake, akalala huko siku tatu. Zuhura ndiye aliyekuwa anampigia simu kila saa, mama analalamika kwamba anasumbuliwa.

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba mtu akikukatalia kwa kicheko, usihangaike na kicheko. Mimi nilidhani yule mama ananichunga mimi nisiibe. Nilitengeneza vioo ili nimshinde. Kumbe alichohitaji ni kuona kwamba binti yake anaweza kuwa mahali pengine na bado akawepo. Vioo vilimsaidia yeye kabla havijanisaidia mimi, na hilo sikulipanga, sijisifu nalo.

Haya, mwenye swali la vioo aulize nitamchorea. Aliyeoa au kuolewa kwa watani naye afunguke, maana sitaki kuamini ni mimi peke yangu niliyepitia haya. Na Wazaramo wote humu jukwaani, najua mnakuja na matusi. Karibuni, nimeshavua koti.

Zuhura amesoma uzi huu kabla sijauweka, anasema nimepunguza chumvi.

Jambo la mwisho. Nasikia mama mkwe amefunguliwa akaunti humu na wajukuu zake, kwa jina ambalo sijaligundua. Kama unasoma, shikamoo mama. Zuhura yupo hapa pembeni yangu, mzima, anacheka.